Wahenga Hawakusema

Usiku wa jana niliota nimekaa meza kuu. Mimi, Andendekisye, fundi miavuli niliyeishia darasa la tatu, meza kuu! Hapo tu ningejua kwamba ni ndoto, lakini mtu akiwa ndotoni akili hana, kama viongozi wetu wakiwa macho.

Ulikuwa ukumbi wa hapa hapa Tukuyu, ule ambao bati lake linavuja tangu enzi za diwani aliyepita na yule aliyemtangulia. Safari hii ulikuwa na milango miwili. Mmoja ulitokea sokoni, wa pili ulitokea chumbani kwangu, na watu waliokuwa wanachelewa walipita kwangu bila kubisha hodi, wakinisogezea viatu.

Nje gari la matangazo lilikuwa linauzunguka ukumbi na kupiga kelele. Leo, leo, leo, mwandishi mkubwa wa riwaya, Gwamaka Mwalulesa, mtoto wa hapa aliyeishi Ulaya miaka ishirini, atasoma kitabu chake na kuzungumza juu ya uandishi, historia na utambulisho wetu. Wote mnakaribishwa.

Tangazo hilo nilikuwa nimelisikia kweli mchana, nikiwa barazani na njiti za mwamvuli mdomoni, na nilitema mate. Masaa matatu kumsikiliza mtu anasoma! Mke wangu Sekela tulipomzika, wasifu wake ulisomwa dakika nne. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mwalyego, alifika katikati ya karatasi, akaikunja, akasema muda hauturuhusu kwa sababu viongozi wana salamu. Salamu zikaenda saa moja na nusu.

Na hizo dakika nne zilisema nini? "Marehemu alikuwa mcha Mungu, mpenda watu, mama wa nyumbani. Ameacha pengo lisilozibika." Basi. Maneno yale yale alisomewa mama wa yule mwenye mashine ya kusaga, na kabla yake alisomewa mzee mmoja mwanamume, isipokuwa palipoandikwa mama waliweka baba. Sekela wangu, aliyedarizi vitambaa vya viti vya nusu ya mji huu, vyenye maua pembeni na maneno katikati! Miaka sita sasa Mwalyego hajakanyaga kwangu, na mimi sijamwita.

Lakini naota. Turudi ukumbini.

Mshereheshaji alikuwa kipaza sauti chenyewe. Kimesimama jukwaani kwa mguu wake mmoja, kina mafua.

"Mabibi na mabwana," kinasema, "itifaki imezingatiwa."

"Bado," inasema sauti kutoka mlangoni.

Alikuwa Itifaki mwenyewe. Mrefu, suti nyeusi, kila mguu una magoti matatu. "Kila siku mnasema nimezingatiwa," akasema, "na hakuna hata mmoja anayeniangalia."

Tukamzingatia. Watu mia mbili, robo saa nzima, kimya, tunamtazama. Akageuka tumwone na mgongo. Akainua soli za viatu, tukazingatia na soli. Aliporidhika akakaa, goti moja baada ya jingine, na hilo nalo likachukua muda.

Kisha tukaambiwa mgeni rasmi amepata udhuru, ila ametuma kiti chake kimwakilishe. Kiti kikaingia kwa miguu yake minne, kikubwa, cha velveti, kimetandikwa kitambaa cheupe mgongoni. Tukasimama, tukapiga makofi.

"Mheshimiwa alipenda sana kuwa nanyi," kikasema kiti, kikakohoa vumbi.

Niliona hiki afadhali. Hakijaahidi barabara.

Ndipo akaingia mwandishi. Mtu mwembamba, wa makamo, miwani, koti zito, kama mtu aliyeisahau baridi ya Tukuyu na sasa anaiomba radhi. Kitabu chake kilikuwa kikubwa kama mlango, na kililetwa na wanaume wanne wa kubeba majeneza. Walipokifungua, bawaba zililia. Mwandishi akapanda ngazi ndogo, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma:

"Kaa kama umefika."

Akanyamaza.

Ukumbi ukalipuka. Watu wanapiga vigelegele. Profesa mmoja aliyekuwa mstari wa mbele anajifuta machozi kwa tai ya mwenzake. "Kina!" anapiga kelele. "Kina! Maneno matatu, lakini ni historia ya watu wetu wote waliowahi kuhama!"

Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa kama mtu aliyeliona shati lake sokoni, limevaliwa na mtu mwingine, tena limempendeza.

Mwandishi akasoma sentensi ya pili: "Mvua ilinyesha siku kumi na moja."

Ikanyesha. Humo humo ndani. Matone makubwa ya kwetu, yale yanayoanguka kama mtu anarusha maharage. Watu wakafungua miavuli, na miavuli ya watu mnaijua, nusu yake mibovu. Foleni ikaja kwangu meza kuu. Nafunga njiti, nakaza waya, nashona. Mwamvuli mmoja wa zambarau ukaniambia, "Baba, mimi sijavunjika. Nimechoka tu kufunguliwa na kufungwa bila kuulizwa."

"Kalalamike kwa viongozi," nikauambia.

Mwandishi akafunua ukurasa, jua likawaka, mvuke ukatutoka mabegani. Akaweka mikono nyuma akaanza kuongea juu ya uandishi.

"Mhusika akikomaa," akasema, "hamsikilizi tena mwandishi."

Hajamaliza, jitu moja lenye viatu vya mpira na kofia ya sufu likaruka kutoka ukurasani, likajikung'uta wino, likaelekea mlango wa sokoni.

"Unakwenda wapi?" mwandishi akauliza.

"Kununua sigara."

"Rudi! Wewe unakufa ukurasa wa mia mbili!"

"Sasa hapo unashangaa nini nikiondoka?" likasema, likatoka.

Mwandishi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema tuhamie kwenye historia. "Historia," akasema, "imekaa mahali ambapo hatutazami."

Watu wote wakainama kutazama chini ya viti. Kukawa na zogo. Mmoja akapata ndala aliyoipoteza, mwingine akapata deni lake la zamani akalirudisha haraka alipolitoa. Mwishowe mama mmoja akapiga yowe, "Iko hapa! Mwenyekiti ameikalia!"

Kweli. Mwenyekiti Mwalyego, na lile koti lake la kaunda la misibani, alikuwa amekalia faili la kaki lenye kamba. Akasimama kwa aibu. Faili lilikuwa limebonyea.

"Historia ni wewe?" kipaza sauti kikauliza.

"Ndiyo mimi," likasema faili. "Nimekaliwa miaka sita. Msiniulize kitu kwanza, miguu imekufa ganzi."

Likalazwa mezani, karibu yangu, likinuka karatasi na mtu. Nikasogeza kiti. Kitu kilichotoka chini ya Mwalyego sikukitaka.

"Sasa maswali," kikasema kipaza sauti. "Matatu tu. Na kila anayeuliza ajitambulishe."

Nikanyoosha mkono. Akachaguliwa mwalimu mkuu mstaafu, Mwalimu Kibona, ambaye hakuwa amenyoosha.

"Mimi sina swali," akasema Mwalimu Kibona. "Nina mchango."

Ukumbi ukaguna. Mchango ukaanza mwaka ule alipofika Tukuyu na sanduku la bati. Mama wa mstari wa tatu akapanda maharage. Mchango ukafika kwenye ujenzi wa choo cha walimu. Maharage yakaota, yakapaliliwa, yakatoa maua. Tulipokuwa tunayala, na chumvi imekolea, Mwalimu Kibona akasema, "Kwa hayo machache," akakaa.

Nikanyoosha tena. Akachaguliwa kijana wa kike wa nyuma, akajitambulisha vizuri, akauliza chakula saa ngapi, na akajibiwa kwamba ameshakula.

Limebaki moja. Nikanyoosha mikono yote miwili na mwamvuli wa zambarau. Kipaza sauti kikanijia kwa kurukaruka, kikasimama mbele ya midomo yangu.

"Jitambulishe."

"Andendekisye. Fundi miavuli."

"Hilo ni jina na kazi. Nimekuuliza wewe ni nani."

Hebu ona. Mtu anataka kuuliza swali, anaanza kuulizwa yeye. Ndiyo serikali zote.

"Mume wa Sekela," nikasema.

"Sekela ni marehemu. Kwa hiyo ulikuwa mume."

"Bado."

Kipaza sauti kikapiga chafya, kikafikiri. "Haya," kikasema, "andikeni: bado. Uliza."

Nikamgeukia mwandishi. "Bwana Gwamaka, hayo maneno yako ya kwanza umeyatoa wapi?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeyatoa wapi?"

"Ni maneno ya wahenga, mzee wangu."

"Wahenga gani?"

"Wahenga tu. Wahenga wetu."

"Waitwe."

Hawakuwa mbali. Wahenga hualikwa kila shughuli, na walikuwa nyuma ya pazia wanakula sambusa. Walitoka saba, wamevaa sare ya kitenge, wamejipanga kama kwaya. Kiongozi wao alikuwa mama mnene mwenye mafuta ya sambusa kidevuni.

"Kaa kama umefika," nikawasomea. "Mlisema nyie?"

Wakaangaliana. Wakanong'ona. "Hapana," akasema yule mama. "Si letu."

"Una hakika?"

"Baba, sisi tulisema maneno arobaini na mawili, tukafa. Mengine mnatubandikia. Wiki iliyopita tumesikia redioni kwamba tumesema kuhusu bima ya afya. Bima! Mimi nimeliwa na chui."

Wakarudi kwenye sambusa zao. Profesa wa mstari wa mbele akaanza kumrudishia mwenzake tai.

"Samahani," ikasema sauti ndogo. "Ni mimi."

Kilikuwa kile kitambaa cheupe cha kwenye kiti cha mgeni rasmi. Kiti kikageuka kutuonyesha mgongo, na tukaona: waridi nyekundu pembeni kote, na katikati, kwa uzi mnene, KAA KAMA UMEFIKA.

"Nimeandikwa wazi," kikasema kitambaa, "ila mheshimiwa huwa ananilalia. Nilidariziwa na Sekela, nyumba ya tatu ukishapita mashine ya kusaga. Wifi yake alikuwa na tabia, akija kutembea anakaa ukingoni mwa kiti kama kuku anayetaka kuruka. Chai anakunywa hivyo, ugali anakula hivyo. Sekela akachoka kumwona. Akanishona mimi, akanitandika, akamwambia, 'Wifi, soma ulichoegemea.'"

"Na akakaa?" mwandishi akauliza.

"Akakaa siku tisa. Sekela akajuta."

Watu wakacheka. Mwandishi hakucheka. Alikuwa ameshuka ngazi na amekishika kitambaa kwa vidole viwili.

"Lakini hapa," akasema, "kusimama ghafla kwa sentensi, bila kusema umefika wapi. Ukimya huu. Nimeuandikia sura nzima."

"Huo ni uzi kuisha," kikasema kitambaa. "Nilitakiwa niseme 'Kaa kama umefika nyumbani kwako'. Siku ile duka lilikuwa limefungwa."

Nadhani mwandishi mwingine angekasirika. Huyu alivuta kiti kidogo akakaa mbele yangu, magoti kwa magoti.

"Shangazi yangu alikuwa na kitambaa kama hiki kitini," akasema. "Nilijifunzia kusoma hapo. Nilikwenda nacho Ulaya kichwani, na kila nyumba niliyopanga nilijiambia maneno hayo. Hakikuwa na jina la mtu, nikadhani ni wahenga. Mzee, nisamehe. Huyo Sekela alikuwa nani?"

Miaka sita nimesubiri mtu aniulize swali hilo. Si diwani aliyeniuliza, si mchungaji, si mwanetu Lugano ambaye Mbeya imemmeza. Nikafungua mdomo.

"Jamani," akasema Mwenyekiti Mwalyego, amesimama, anatazama saa, "muda hautaturuhusu."

Nilimrukia. Wallahi ningemmeza na koti lake. Kipaza sauti kikajiweka katikati yetu.

"Taratibu," kikasema. "Kama ni Muda, yupo. Aulizwe."

Muda alikuwa mlinzi wa getini. Mtu mfupi, viatu vya mpira, chupa ya chai mkononi. Akaingia akiwa na wasiwasi, kama mtu aliyezoea kuitwa pale tu kitu kimepotea.

"Umekataza mzee asiseme?" akaulizwa.

"Mimi? Sijawahi kumkataza mtu kitu."

"Na siku ya mazishi ya Sekela?"

"Siku ile nilikuwepo. Nilikaa nje kwenye jiwe tangu asubuhi, sina kazi, nafasi tele. Nikasikia ndani wanasema siruhusu. Nikasema moyoni, mbona hakuna aliyekuja kuniuliza?" Akamimina chai. "Nimeumizwa sana na maneno ya misibani."

"Umesikia, Mwalyego!" Nikasimama juu ya kiti. Nilikuwa nimeisubiri hotuba hii, na kila neno lake nalijua. "Nyie viongozi ndivyo mlivyo! Ulimfuta mke wangu! Mtu aliyeuandikia mji huu mzima, wewe ukamwita mama wa nyumbani!"

Watu wakapiga makofi.

"Baba Lugano," akasema kwa sauti ya chini, "ile karatasi niliikunja, hilo ni kosa langu na nalikubali. Lakini nilisoma kilichoandikwa."

"Kiliandikwa na nani?"

"Niulizeni mimi," likasema faili la kaki. Lilikuwa limepata nguvu za miguu. Likafungua kamba lenyewe, likatoa fomu moja, na ukumbi ukaondoka.

Tuko barazani kwangu. Mvua. Ni siku ile. Sufuria za msiba zinachemka uani, na mimi nimekaa kwenye stuli na Mwalyego amekaa kwenye ndoo, fomu juu ya goti, kalamu mkononi. Watu mia mbili wa ukumbini wamesimama kwenye migomba wanatutazama, Itifaki juu ya wote.

"Jina la marehemu?" anauliza Mwalyego.

Nasema.

"Kazi ya marehemu?"

Nakiona kinywa changu kinafunguka, na siwezi kukifunga.

"Weka mama wa nyumbani, Mwenyekiti."

"Tusitaje na vitambaa vyake, Baba Lugano? Kwangu vipo vyake vinne."

"Aa, hiyo ni kazi? Ni mambo ya wanawake tu. Weka mama wa nyumbani, tumalize."

Na Mwalyego anaandika.

Mvua inaendelea. Nikatafuta kiongozi mwingine wa kumlaumu. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Kiti cha mgeni rasmi kilikuwa kimeomba ruhusa na kuondoka.

"Angeniuliza mara ya pili," nikasema.

"Alikuuliza mara ya pili," likasema faili.

"Mara ya tatu basi."

Faili likafunga kamba yake polepole. Hapo tukawa ukumbini tena, na mimi bado nimesimama juu ya kiti kama mjinga. Nikashuka.

Mwandishi alikuwa amefungua kitabu chake ukurasa wa kwanza. Akanipa kalamu. Ilikuwa na uzito wa mchi.

"Andika, mzee. Palipo na wahenga, weka jina lake."

"Mimi niliishia darasa la tatu. Bati la shule liliezuliwa na upepo, wakasema wanalishughulikia. Wanalishughulikia mpaka leo."

"Basi sema. Nitaandika."

Nikasimama mbele ya kipaza sauti. Hotuba yote niliyokuwa nayo ilihusu viongozi, ikawa haina kazi. Nikasema kilichobaki.

Nikasema Sekela alidarizi miaka thelathini, na kila neno kabla ya kulishona alilisema kwanza kwa sauti mbele ya sufuria, akasikiliza kama linarudi vizuri. Kwamba mwanamume mmoja alimwagiza "Baba ndiye kichwa cha nyumba", naye akasema sawa, ila nataka kwanza niione hiyo nyumba. Akaenda, akaiona, akarudi akamshonea ua tu, bila neno. Kwamba alilala na sindano imechomekwa kwenye kola ya gauni, na alinichoma maisha yangu yote ya ndoa, na siku hizi nageuka kitandani upande ninaotaka na sipati usingizi. Kwamba siku moja nilimuuliza mbona huweki jina lako pale pembeni, akasema jina langu halimpumzishi mtu mgongo. Nami nikaona amesema vizuri, nikaomba chai. Kumbe alikuwa ananisubiri nimbishie.

"Thelathini na miwili," ikasema sauti kutoka nyuma.

Nikageuka.

"Miaka thelathini na miwili, si thelathini. Na hilo la ua umelisema vibaya, yalikuwa maua mawili. Mwee, Baba Lugano, unasimama mbele za watu hivyo, na soksi hujavaa?"

Nikatazama miguu. Kweli.

Alikuwa mstari wa mwisho, na kitenge chake cha kahawia, na sindano mdomoni. Akasimama, akaja mbele kwa mwendo wake ule wa mtu aliyeacha kitu jikoni. Wahenga walimpisha. Muda alimpisha. Kipaza sauti kikaanza, "Jitambu—" naye akakivika kichwani tondoo, kile kikofia cha kidole cha kushonea, kikatulia kama kuku aliyefunikwa kikapu.

"Shikamoo, mama," akasema mwandishi.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa unaegemeza kichwa kichafu kwenye kitambaa cha shangazi yako. Nilikifua mara mbili." Akaitazama ile kalamu. "Hiyo hapana. Mvua ikinyesha itafutika, na wewe kitabu chako kina mvua nyingi." Akaugusa ukurasa, na ukurasa ulikuwa kitambaa. Akatoa uzi wa rangi ya chungwa, donge kubwa.

"Mwenyekiti," akasema, "nyoosha mikono."

Mwalyego akanyoosha. Sekela akamzungushia uzi viganjani, huku na huku, kama wanawake wanavyoshikiana uzi.

"Shika hivyo mpaka nimalize."

"Mama Lugano, nina kikao saa nne."

"Shika, Mwenyekiti. Usiulegeze."

Akainama juu ya ukurasa, akaanza pale sentensi ilipoishia. Sindano inaingia, inatoka. Uzi unapungua mkononi mwa Mwalyego, mzunguko mmoja, mwingine. Nikamkaribia. Alikuwa ananuka sabuni na moshi.

"Unaandika nini?"

"Namalizia ile iliyoniishia uzi."

"Halafu?"

"Halafu jina langu. Kama hutaona aibu."

"Sitaona."

Akanitazama kama wateja wangu wanavyonitazama nikiwaambia mwamvuli uko tayari Alhamisi. "Tutaona," akasema, akarudi kwenye sindano.

Nikataka kumwambia neno. Nilikuwa nalo, neno moja, si la viongozi. Lakini kuna mtu alikuwa anapiga mlango ule wa pili, ule wa chumbani kwangu, anapiga na kupiga, na kila akipiga ukumbi unapungua mstari mmoja wa watu, akabaki Sekela na mgongo wake umeinama, halafu nikabaki mimi na dari.

Kulikuwa kumekucha. Mlango unagongwa kweli.

Nikajifunga shuka, nikafungua. Mwenyekiti Mwalyego amesimama kwenye kizingiti changu, mara ya kwanza kwa miaka sita. Amelowa. Hana mwamvuli. Mikono ameinyoosha mbele, kama mtu aliyebeba sinia ambalo halipo.

"Hodi, Baba Lugano."

"Umeshafungua macho yangu, hodi ya nini. Ingia."

Akaingia, mikono vile vile. Nikaona kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia uzi wa rangi ya chungwa umezunguka mara moja, mwembamba, ncha yake inaning'inia.

"Nani amekufunga?"

"Sijui. Nimeamka nao. Mke wangu anasema labda mto umefumuka, lakini sisi hatuna kitu cha rangi hii." Alikuwa haniangalii usoni. "Nimetembea nao mpaka hapa. Nimepita na ofisini sikuingia."

Nikamwonyesha kiti. Nikafungua droo ya vifaa, nikatoa mkasi wangu wa kukatia vitambaa vya miavuli, nikaushika ule mkono.

Akaurudisha kifuani kwa haraka.

"Usiukate," akasema Mwalyego. "Nimeambiwa nishike mpaka amalize."